Sauti Hufuata Sikio: Mwongozo wa Kuinoa Sauti kwa Kusikiliza

Mtu akiambiwa sauti yake ni kali mno, au hasikiki vizuri, au anaimba nje ya noti, hukimbilia koo. Atakunywa maji ya uvuguvugu, atafanya mazoezi ya pumzi, atapasha sauti moto asubuhi. Yote hayo yana faida, lakini koo halijiendeshi lenyewe. Kila neno unalotamka hurudi sikioni mwako, ubongo hulilinganisha na ulichokusudia kusema, kisha hutuma marekebisho kwenye misuli ya zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilicho kooni. Kazi hiyo hufanyika upesi kuliko unavyoweza kufikiri. Mtu akivalishwa hedifoni akashikilia noti moja, halafu watafiti wakaipandisha kidogo sauti anayojisikia nayo, yeye huishusha sauti yake kufidia baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mara nyingi hajui kabisa kwamba amefanya hivyo.

Tazama pia kinachompata mtu mzima anayepoteza usikivu. Lugha haimtoki, maneno yote anayo. Kinachoanza kumponyoka ni kipimo: anaongea kwa nguvu kupita kiasi, tuni ya sauti inayumba, na herufi kama s na sh zinapoteza makali. Akipata kipandikizi cha koklea, kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji katika sikio la ndani ili mtu asikie, mengi ya hayo huanza kurudi, kwa sababu sasa anajisikia tena.

Daktari wa masikio wa Ufaransa, Alfred Tomatis, ambaye baba yake alikuwa mwimbaji wa opera, alisema katika miaka ya 1950 kwamba sauti haibebi isipokuwa kile ambacho sikio linasikia. Tiba aliyoijenga juu ya kauli hiyo ilivuka mbali sana ushahidi uliopo, na sitakushauri uilipie. Ila wazo la msingi, kwamba sikio ndilo linaloiongoza sauti, lina ukweli mwingi, na mwongozo huu umejengwa juu yake. Utahitaji simu yenye kinasa sauti, chumba tulivu, vizibo vya masikio vya sponji, na mtu mmoja ambaye hataona haya kukuambia ukweli.

Hatua ya 1: Hakikisha sikio liko sawa

Usianze mazoezi yoyote kabla ya hili. Jiulize: je, ninaomba watu warudie walichosema, hasa penye kelele? Je, ninawasikia wanaume vizuri kuliko watoto? Je, wenzangu hulalamika kwamba redio iko juu wakati kwangu iko sawa? Je, masikio yananilia hata kukiwa kimya? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kukupeleka ukapimwe.

Dalili nyingine imo ndani ya sauti yenyewe, na watu wengi hawaijui. Sikio likiziba upande wa nje au wa kati, kwa nta, kwa maji nyuma ya ngoma ya sikio, au kwa kukakamaa kwa ile mifupa midogo mitatu ya sikio la kati, kelele za nje hupungua lakini sauti yako mwenyewe hukufikia kwa nguvu kupitia mifupa ya kichwa. Unajisikia unavuma, kwa hiyo unaongea polepole na kwa sauti ya chini. Tatizo likiwa ndani, kwenye koklea (sehemu ya sikio la ndani) au mshipa wa fahamu wa sikio, hata sauti yako mwenyewe haikufikii sawasawa, nawe unapaza bila kujua. Si kipimo cha hospitali hiki, kwani tabia na malezi navyo huamua mtu aongee vipi. Lakini mtu wa nyumbani ambaye sauti yake imebadilika bila sababu, ikapanda au ikashuka, apimwe masikio kabla hajaambiwa ana kiburi au ana unyonge.

Nta usiichokonoe kwa kijiti cha pamba. Unaisukuma ndani tu. Matone ya kulainisha nta yapo kwenye maduka ya dawa, ila usiyatumie kama sikio linatoa usaha au ngoma imewahi kutoboka. Na kama usikivu wa sikio moja umepotea ghafla, kwa saa chache au kwa kuamka nao asubuhi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna matibabu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo nafasi ya kupona inavyopungua.

Ukipimwa, omba nakala ya chati ya usikivu. Kwa kawaida huanza hezi 250 hadi 8,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; ikiongezeka, sauti huwa nyembamba zaidi). Mtu mwenye nia ya kuinoa sauti aangalie hasa eneo la hezi 2,000 hadi 4,000 na kupanda, kwa sababu huko ndiko ziliko konsonanti zinazotofautisha neno na neno. Irabu zina nguvu na ziko chini zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kusema "nasikia, lakini sielewi" na akawa anasema kweli tupu.

Hatua ya 2: Isikie sauti wanayoisikia wengine

Sauti yako hukufikia kwa njia mbili. Moja hutoka mdomoni, hupita hewani na kuingia sikioni. Nyingine hupita ndani, kwenye nyama na mifupa ya kichwa, moja kwa moja hadi sikio la ndani, na njia hii hubeba zaidi mawimbi ya chini. Kwa hiyo maisha yako yote umejisikia ukiwa na sauti nzito na iliyojaa kuliko ile inayowafikia watu. Ukijisikia kwenye kinasa sauti unashtuka, unaona ni nyembamba, ni ya mtu mwingine. Kinasa sauti hakijakudanganya. Hiyo ndiyo sauti wanayokufahamu nayo.

Jaribu hivi. Vuma "mmm" kwa sauti ya kawaida, kisha ziba masikio kwa vidole huku ukiendelea. Sauti itajaa kichwa kizima na kuwa nzito ghafla: hiyo ni njia ya mifupa ikijitawala. Sasa chukua madaftari mawili, yasimamishe wima mbele ya masikio, kila upande moja, yakitenganisha mdomo na sikio, kisha endelea kuongea. Sauti utakayoisikia imerudi kutoka kuta za chumba, na inakaribia zaidi ile wanayoisikia wengine. Watu wanaorekodi sauti kama kazi hutumia mbinu hii wakati hawana kifaa chochote.

Baada ya hapo rekodi. Weka simu umbali wa sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Usisome kitu ulichokariri. Soma aya moja, kisha eleza jambo lolote kwa dakika moja bila kusoma, kwa sababu sauti ya kusoma na ya kuongea mara nyingi hazifanani, na ile ya kuongea ndiyo unayoishi nayo.

Kusikiliza kwenyewe kuna utaratibu. Mara ya kwanza usihukumu kitu, acha mshtuko upite. Rudi kesho. Safari hii sikiliza miisho ya maneno tu. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho huachwa peke yake bila nguvu, hivyo msemaji mwenye haraka huimeza: "sakafuni" inabaki "sakafun", "habari" inabaki "habar". Wewe unaisikia kwa sababu unajua ulichokusudia. Msikilizaji aliye nyuma ya ukumbi haisikii. Hili peke yake, likirekebishwa, huwafanya wasemaji wengi waeleweke bila kuongeza nguvu hata kidogo.

Mara ya tatu sikiliza konsonanti. Nina sentensi ninayoipenda kwa kazi hii: "Tulipiga kura kabla ya kula, kisha tukahesabu fedha thelathini sakafuni." Isome, ijirekodi, halafu sikiliza kama "kura" na "kula" zimetengana, kama "fedha" imekuwa "feza", kama "thelathini" imekuwa "selasini". Ukikuta mojawapo imechanganyika, usikimbilie kukaza ulimi. Jaribu sikio kwanza. Mwombe mwenzako afunike mdomo kwa karatasi na atamke "kura" au "kula" bila mpangilio, nawe uonyeshe kidole kimoja au viwili. Ukikosea kosea, ulimi wako hauna wa kuufuata. Fanya zoezi hilo la kusikia peke yake kwa siku kadhaa, na wasemaji tofauti, kabla hujadai chochote kutoka mdomoni. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafunza Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kusikiliza tu, bila zoezi la kutamka, na matamshi yao nayo yakaboreka. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani, na hata sisi tulioanza na lugha nyingine nyumbani, tuna sababu nzuri ya kufuata njia hiyo.

Hatua ya 3: Kuimba kwenye noti

Mwimbaji hakioni chombo chake. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyezaliwa Hispania, ndiye aliyefanikiwa mwaka 1854 kuzitazama nyuzi zake za sauti zikifanya kazi, kwa kutumia vioo vidogo na mwanga wa jua. Walimu wote wakubwa kabla yake walikuwa wamefundisha kwa sikio tupu, na hata leo sikio ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi.

Mtu akiimba nje ya noti, watu humwambia hana sikio. Mara nyingi si kweli, na kauli hiyo imewanyamazisha watu wengi ambao wangeimba vizuri. Wapo wachache ambao ubongo wao kweli hautofautishi noti, lakini wengi husikia sawasawa. Kilichopotea ni njia kati ya sikio na misuli. Kujua uko upande gani, mwambie mtu apige noti mbili kwenye kinanda au programu ya simu, nawe useme ipi iko juu. Aanze na noti zilizoachana sana, kisha azisogeze. Ukipatia hata zikiwa jirani, sikio lako lina afya na kazi iliyobaki ni mazoezi.

Mazoezi yenyewe usiyaanze kwa kufukuza noti ya kinanda. Fanya kinyume: wewe toa "uuu" kwenye noti yoyote inayokuja kirahisi, na mwenzako aitafute hadi mkutane. Tulieni hapo. Sikiliza kwa makini jinsi sauti mbili zinavyokuwa kabla hazijakutana: kuna mtetemo, kama zinagongana kwa mapigo ya haraka, mapigo hayo hupungua kasi kadiri mnavyokaribiana, kisha hupotea kabisa mkikutana. Mtu akishausikia mtetemo huo ukitulia mara moja, ana kipimo atakachotembea nacho. Baadaye mwenzako asogee noti moja juu, wewe umfuate kwa kuteleza, bila kuruka.

Mwenzako huyo ni bora awe na sauti ya aina yako. Ni rahisi zaidi kulinganisha sauti na sauti ya binadamu inayofanana nayo kuliko na chombo. Mwanamume anayefundishwa na mwanamke, au mtoto anayefundishwa na mwanamume, hupotea mara nyingi kwa sababu noti ile ile iko oktava tofauti: noti ya la iliyo kwenye hezi 440 kwa mwanamke, wanaume wengi wataiimba kwenye hezi 220. Mweleze hivyo tangu mwanzo.

Kisha jenga tabia hii moja: sikia kabla ya kutoa. Noti ikipigwa, nyamaza kidogo, isikie tena kichwani, halafu ndipo ufungue mdomo. Wanaorukia noti papo hapo huanza chini na kupanda kuitafuta, na kwaya nzima ikifanya hivyo wimbo unaanza na ukungu. Ukiwa katikati ya kwaya na hujisikii, weka kiganja kimoja nyuma ya sikio, kikunje kuelekea mdomo, au ziba sikio moja kidogo. Utajipata mara moja.

Neno moja kuhusu sauti zinazofika mbali. Mfereji wa sikio la binadamu hukuza zaidi mawimbi yaliyo karibu na hezi 3,000. Waimbaji wa opera waliofunzwa, hasa wanaume, hukusanya nguvu za sauti yao karibu na eneo hilo hilo, jambo ambalo mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alilieleza vizuri katika miaka ya 1970. Nguvu za okestra nyingi ziko chini ya hapo, ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya vyombo makumi bila kipaza sauti. Ukitafuta sauti inayofika, tafuta mlio unaong'aa usoni na mbele ya mdomo, na acha kusukuma kutoka kooni.

Hatua ya 4: Linda sauti penye kelele na mwangwi

Mwaka 1911 Étienne Lombard, daktari wa Ufaransa, alieleza kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni hupaza sauti bila kukusudia, na kelele ikikatwa hushuka papo hapo. Hili hutokea kwako kila siku darasani, ibadani, kwenye basi, na unapoongea na simu ukiwa na muziki kwenye hedifoni. Kumwambia mwalimu "usipige kelele" hakufui dafu, kwa kuwa mwitikio huu hauombi ruhusa. Badilisha kinachoingia sikioni, sauti itajishusha yenyewe.

Kwa hiyo: funga dirisha lililo upande wa kelele kabla hujaanza. Wasogelee wasikilizaji, kwani hatua chache zina thamani kuliko nguvu nyingi. Subiri ukimya badala ya kuongea juu ya kelele. Ukitumia vipaza sauti, hakikisha spika moja inakuelekea wewe, maana msemaji asiyejisikia hupaza hata kama ukumbi mzima unamsikia. Ukiwa na hedifoni, toa upande mmoja unapozungumza.

Spika zilizowekwa mbali huleta balaa jingine: sauti yako inakurudia ikiwa imechelewa. Bernard Lee alionyesha mwaka 1950 kwamba mtu akisikia sauti yake imecheleweshwa kidogo, anaanza kukwama na kurudia silabi. Usumbufu huwa mkubwa kabisa karibu na sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukipatwa na hali hiyo kwenye ukumbi au mkutano wa mtandaoni, usijione mjinga. Zima spika ya upande mwingine au vaa hedifoni. Kama haiwezekani, punguza kasi, malizia sentensi fupi fupi, na tuliza akili kwenye mtetemo wa kifua na midomo badala ya kinachorudi ukumbini. Ajabu ni kwamba uchelewesho huo huo huwasaidia baadhi ya wenye kigugumizi kuongea kwa utulivu zaidi, wakiutumia chini ya mtaalamu.

Masikio nayo yana kikomo. Desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 ndicho kiwango kinachotumika sana kazini, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Mwanamuziki na mwendesha mitambo ya sauti wavae vizibo. Na sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 bila kupona, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi za sauti.

Hatua ya 5: Watoto wachanga

Hapa ndipo ningependa kila mzazi asome mara mbili. Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, na Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba kichanga wa siku chache hubadilisha mwendo wa kunyonya ili asikie sauti ya mama yake kuliko ya mama mwingine. Anakusanya sauti miezi mingi kabla ya kutoa neno.

Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa milio ya mwanzo. Wazazi wengi hutulizwa na milio hiyo. Tofauti hujitokeza baadaye: kati ya miezi 6 na 10 mtoto anayesikia huanza kuunganisha silabi kamili, "bababa", "mamama", "dadada". Asiyesikia huchelewa sana kufika hapo. Mtoto aliyefikisha miezi 10 bila silabi za namna hiyo apimwe masikio, hata kama anaonekana kushtuka mlango ukigongwa, kwani huenda ameona kivuli au amehisi mtikisiko wa sakafu. Penye uwezo, apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Msaada huo unaweza kuwa kifaa cha kusikia, kipandikizi, lugha ya alama, au vyote pamoja. Kinachoumiza ni kusubiri.

Nyumbani, ongea naye uso kwa uso, kisha nyamaza umpe zamu. Akitoa mlio, urudishe. Televisheni izimwe wakati huo.

Hatua ya 6: Usikivu unapopungua ukubwani

Mzee asiyesikia vizuri kwa kawaida amepoteza mawimbi ya juu. Ukimpigia kelele unakuza irabu ambazo alizisikia tayari, na konsonanti zinazama zaidi. Msogelee, akuone mdomo, punguza kasi, tamka miisho, shusha tuni badala ya kuipandisha. Akikosa neno, libadilishe. Usilirudie lile lile kwa nguvu zaidi.

Akipata shimesikio, yaani kifaa cha kusikia, siku za kwanza atalalamika kuhusu sauti yake mwenyewe kuliko jambo lolote: inavuma, kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Sababu ni ile ile ya vidole masikioni katika hatua ya 2, maana kifaa kimeziba mfereji. Asikivue. Asome kwa sauti dakika 10 kila siku chumbani palipo kimya, kitabu au gazeti, na wewe umwambie kama anaongea juu au chini kuliko inavyotakiwa, mpaka kipimo kipya kikae. Mvumo ukiendelea baada ya wiki chache, arudi kwa mtaalamu aliyekifunga, akipanue tundu la hewa la kizibo au abadilishe mipangilio ya sauti za chini.